Ice maker iligoma Kabati, mama mkwe akashika tochi

Wakuu, salamu kutoka Kabati, Kitui. Mimi ni wa kusoma na kunyamaza hapa, lakini hii wacha niiandike. Ilitokea ndani ya nyumba yangu, sijaongeza chumvi, na mama mkwe ni shahidi.

Kwanza mjue friji yenyewe. Ni double door ex-UK, mtumba wa Uingereza, tuliinunua kwa lodge moja Makueni iliyokuwa inafunga. Iko na ice maker ndani ya freezer. Ukishaiunganisha na bomba, inajijazia maji, inagandisha, inaangusha barafu kwa ndoo yake. Wewe kazi yako ni kuchota tu.

Sasa, mama mkwe anatoka Mutomo. Alifanyiwa operation ya goti, tukamleta kwetu apone kwa sababu kwake ni mawe matupu kutoka mlangoni mpaka chooni. Daktari alisema afanye mazoezi kila siku na awekewe barafu kwa goti. Na joto la huku mnalijua.

Shida ilianza mke wangu alipoenda training mjini Wote. Msichana wetu Mueni yuko boarding. Nikabaki mimi na mama mkwe.

Kama wewe si Mkamba, nikueleze kidogo. Kwetu kuna kitu kinaitwa nthoni, ile heshima ya mtu na mama mkwe wake. Hamkai karibu, hamtazamani machoni, hamli meza moja. Watu wengi siku hizi wamelegeza. Sisi wawili hatukuwa tumelegeza chochote. Tangu nioe tulikuwa tunasalimiana tu, kila mtu akiangalia upande wake.

Kwa hivyo mama akitaka kitu, anapigia mke wangu simu Wote. Mke wangu ananipigia mimi. Mimi niko jikoni, mama yuko sitting room, katikati ni ukuta mmoja.

"Mama anasema chai haina sukari."

Napeleka sukari, naweka kwa stool, natoka nikiangalia mlango. Mcheke tu, lakini mambo yalikuwa yanaenda.

Asubuhi moja nikafungua freezer, ndoo ya barafu ikawa tupu. Nikangoja mpaka mchana, bado tupu.

Najua mtauliza kwa nini nisigandishe maji kwa mifuko ya plastiki. Niligandisha. Lakini inatoka pande kubwa kama jiwe, huwezi kuliweka kwa goti la mgonjwa. Ikabidi niwe natoka nyuma ya nyumba kulipasua kwa nyundo. Naweka vipande kwa taulo, napeleka, narudi kugandisha mengine.

Kesho yake mke wangu akapiga simu, sauti iko chini.

"Uko na nini na mama?"

"Sina kitu. Kwani?"

"Anasema anataka kurudi Mutomo. Amefunga mfuko wake. Anasema unapigapiga vitu huko nyuma kwa hasira."

Wakuu, nilikaa chini. Huyo mama alikuwa bado hawezi kukunja goti vizuri. Akirudi kwake hakuna wa kumsimamia mazoezi, na mimi ningeitwa mkwe aliyemfukuza mgonjwa. Nilitaka kwenda kumweleza, nikafika mpaka kwa mlango, mdomo ukakataa. Nikarudi jikoni nikasema dawa ni moja tu, hii ice maker ifanye kazi.

Mimi ni mtu wa kuuza mbegu na dawa za mifugo. Friji najua kufungua na kufunga. Lakini niko na simu na bundles, nikaanza kusoma.

Nikaangalia ule mkono wa waya ulio kando ya ice maker. Ukiinuka, mashine inajua ndoo imejaa na inapumzika. Ulikuwa chini, sawa. Baridi ya freezer ilikuwa sawa. Tank ilikuwa na maji, na bomba la friji lilikuwa wazi.

Nikaangalia kale ka-pipe kanakoingiza maji kwa ice maker. Kameziba na barafu mpaka mdomoni. Nikachukua blow dry ya nywele ya mke wangu nikakapuliza polepole mpaka kakafunguka. Nikajiona engineer.

Barafu iliyotoka ilikuwa nyembamba kama maganda ya viazi. Halafu pipe ikaganda tena.

Hapo ndipo nilianza kuelewa. Maji yalikuwa yanakuja kidogo kidogo, kwa hivyo yanaganda njiani kabla ya kufika. Blow dry ilikuwa inaponya dalili tu. Ugonjwa ulikuwa huko nyuma, mahali maji yanaingilia.

Nikazima friji kwa socket, nikafunga maji, nikaivuta kutoka kwa ukuta. Nikajipenyeza nyuma yake. Kuingia niliingia vizuri. Kutoka ndio kukawa maneno, tumbo limeshikwa na kona ya friji. Na simu ikaanza kulia juu ya meza.

Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Nikasikia magongo yake ya kutembelea, ko, ko, ko, mama anakuja jikoni. Akashika simu yangu.

"Yuko," akamwambia mke wangu. "Naona miguu."

Akakata. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nioe msichana wake, akaniuliza kitu yeye mwenyewe.

"Baba Mueni, uko sawa?"

"Niko sawa, Mwaitu. Nimekwama kidogo tu." Mwaitu ndiyo mama kwa Kikamba.

"Unatafuta nini huko?"

"Barafu."

Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Nikasikia kiti kikivutwa. Akakaa, akanyoosha mguu wake mgonjwa, akaniuliza kama nataka mwangaza. Nikampa tochi niliyoingia nayo, kwa mkono wa nyuma, bila kumwangalia.

Nikafungua hose. Kwa mdomo wa valve, pale maji yanapoingilia friji, kuna kichujio kidogo kama kifuniko cha soda. Kilikuwa kimejaa ukoko mweupe, kigumu, hata sindano haipiti. Ni maji yetu ya borehole, yale ya chumvi. Nikavuta tumbo ndani, nikajinasua na kichujio mkononi. Mtandao ulisema loweka kwa vinegar. Vinegar hatukuwa nayo, mama akasema kuna malimau kwa kikapu. Tukakamua kwa kikombe tukatumbukiza kichujio, na hapo tukakaa tunangoja, kila mtu akiangalia kikombe. Angalau sasa tulikuwa na kitu kimoja cha kuangalia.

"Nilidhani umechoka na mimi," akasema.

"Kwa nini, Mwaitu?"

"Ile kupiga nyundo."

"Nilikuwa napasua barafu ya goti lako."

Akageuza kikombe kidogo. "Mimi nikafunga nguo zangu," akasema, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe ni kicheko.

Nikarudisha kichujio, nikafunga hose, nikafungua maji. Sikuwa nimekaza vizuri. Maji yakaruka yakanipiga usoni, yakavuka mpaka kwa leso yake. Hapo nthoni yote ikaisha wakuu, tulicheka mpaka akashikilia goti.

Nikakaza hose, nikayeyusha ile pipe tena, nikawasha friji. Jioni, jua bado halijazama, tukasikia barafu zikianguka kwa ndoo, kwarara. Nene, kamili. Mama akasema asante Yesu, akaomba moja ya kutafuna.

Mfuko ulifunguliwa siku hiyo hiyo. Mke wangu aliporudi alimkuta mama amefika mpaka kwa gate na gongo moja, mimi nikiwa kando yake tukibishana kuhusu bei ya mbuzi. Alisimama pale na mizigo yake akatuangalia sana.

Somo langu: kama unatumia maji ya borehole, safisha kile kichujio cha nyuma mapema, na pipe ikiganda usishangilie blow dry, tafuta kinachopunguza maji. Na kama kuna mtu nyumbani hamuongei, msijitafsirie kelele za mwenzako. Uliza.

Mama sasa yuko Mutomo, anatembea. Jana alinipigia mimi, si mke wangu. Amewatangazia watu wa kanisa lake kwamba mkwe wake ni fundi wa friji. Jirani yake ana moja inanguruma na haipozi, na Jumamosi nangojewa na chapati.

Wakuu, friji inayonguruma bila kupoza, mtu anaanzia wapi? Nisaidieni, sina uso wa kumwambia mama ukweli kwamba mimi si fundi.