Aliyekula Kiapo

Ami yetu, mdogo wake baba, hutafuna tambuu na kutema mate mekundu popote alipo. Hata siku ya matanga ya mama alitema mlangoni mwetu. Kisha akaingia ndani, akaweka mkono juu ya msahafu, akala kiapo mbele ya watu kwamba sisi mayatima wawili tangu siku ile tu wanawe, atatulea yeye. Akarudi kwake Mkokotoni, asituletee hata kibaba cha mchele. Niliacha skuli nikaoka mikate ya ufuta, mdogo wangu apate kusoma.

Miaka ikapita, Ami akaja kuitaka nyumba yetu ya Mji Mkongwe. Nilipomkatalia, alipita baraza kwa baraza akisema mimi ndiye niliyewala wazazi wangu.

"Msile cha mkononi mwake. Mchawi yule."

Siku moja mdogo wangu, aliyekuwa chuoni akisoma Kiingereza, alinijia jikoni na neno: warlock.

"Dada, siku hizi maana yake ni mchawi mwanamume. Lakini Waingereza wa kale walimwita hivyo mtu aliyevunja ahadi yake. Uchawi umekuja baadaye."

"Basi Waingereza hao walimjua Ami."

Tulicheka, lakini kinywa changu kilikuwa kichungu.

Kisha ikaja posa ya mdogo wangu. Hatuna baba, hatuna kaka; walii wa kumwozesha ni Ami. Nilikwenda Mkokotoni, nikamwamkia shikamoo, nikambusu mkono unaonuka tambuu.

"Ntakuja," alisema. "Lakini usipike wewe. Tusije tukaua watoto wa watu."

Wenziwe barazani wakaangua kicheko. Nilijipangusa midomo kwa ncha ya buibui njia nzima.

Siku ya posa nilipika mwenyewe. Wageni walikaa chumba cha mbele, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mama wa kijana alikuwa keshayasikia maneno. Sahani yake ilikuwa tupu, na mkoba hakuutua. Mdogo wangu alichungulia nyuma ya pazia, macho yamemjaa machozi.

Ami alikula. Alimega matonge ya pilau, akalamba vidole mpaka kiganjani, mafuta yakamchuruzika kwenye kiwiko. Sikuweza kuvumilia.

"Ami, nimepika mimi."

Hakushtuka. Alicheua.

"Nshajua. Nani mwengine? Hebu niongeze nyama."

Miaka yote nilidhani ananiogopa kidogo. Kumbe hakuwahi kuyaamini maneno yake mwenyewe.

Mama wa kijana alimtazama Ami anavyokula, kisha akautua mkoba.

"Nipakulie na mie, mwanangu," aliniambia. "Tuzungumze harusi."

Nilipopita kwenye pazia na sinia, mdogo wangu alininong'oneza: "Kiapo kakila, pilau itamshinda?"

Niliporudi, Ami alikuwa amejaza mate mdomoni, anatafuta pa kutemea. Nikamwonyesha mlango.