Machozi ya Mama Nekesa

Ninatengeneza nywele katika saluni moja Langas. Kwa wiki mbili nilifanya mazoezi ya ushuhuda wangu mbele ya kioo, nisije nikakosea hata neno moja nikimweleza mteja habari za Yesu. Jumamosi akaja Mama Nekesa. Nilimpaka dawa ya kulainisha nywele, ile isiyotakiwa kukaa kichwani zaidi ya robo saa, kisha nikaanza. Machozi yakamtoka. Nikafurahi, nikarudia sehemu tamu zaidi.

“Mama, uko tayari kuokoka?”

“Mimi niliokoka kabla hujazaliwa, mami,” akasema, ameng'ang'ania kiti kwa mikono yote miwili. “Nimeogopa tu kukatiza neno la Mungu. Sasa tafadhali sema amina unioshe, kichwa kinaungua!”