Fundo la Fundi Cherehani

Fundi alikuwa mama mwenye ulimi mkali, na kiharusi kilipompiga, ulimi ndio uliotangulia kupona. Mkono wa kulia ukagoma katakata. Miaka thelathini mkono huo ulikata vitambaa, ukatunga uzi, ukapiga pindo. Sasa ulilala mapajani mchana kutwa kama mgeni asiyeaga. Binti yake alimwogesha, akamfunga vifungo, akamsuka nywele, wala hakunung'unika hata siku moja. Hilo ndilo lililomuuma Fundi.

"Nataka kumfanyia kitu kimoja tu mwanangu kwa mkono huu," alimwambia shemeji yake. "Kimoja tu, kisha uoze ukitaka."

Shemeji, mume wa dada yake, alikuwa mpaka rangi mstaafu mwenye ugonjwa mmoja: kuvua samaki ufukweni.

"Daktari kasemaje?"

"Vidole vipewe kazi ndogondogo. Kanipa kampira nikaminye. Mimi mtoto mchanga?"

"Basi twende ukafunge ndoana."

Asubuhi wakaketi mchangani juu ya ndoo zilizopinduliwa. Shemeji akamweleza polepole: chini kabisa ya mshipi wa kuvulia inakaa risasi, ile timazi yenye kucha za kung'ang'ania mchanga. Juu yake kinatokeza kipande kifupi cha mshipi chenye ndoana, ili chambo kisilale chini kikaliwa na kaa. Na chambo chenyewe kinazungushiwa uzi mwembamba kisichomoke wakati wa kurusha.

"Uzi!" Fundi akadakia. "Hapo sasa umefika kwangu."

Mkono wa kushoto ukashika, wa kulia ukazungusha, unatetemeka, unadondosha, unaanza tena. Chambo kikamalizika kimevaa vizuri kuliko Shemeji mwenyewe, na Fundi hakukosa kumwambia hivyo.

"Haya, na usirushe mbali," Shemeji akaonya. "Kila anayeanza anarusha kama anamfukuza samaki. Wako hapo karibu, nyuma tu ya mawimbi yanapovunjika, pale maji yalipokoza rangi."

Kwa mara ya kwanza akamrushia yeye, akamkabidhi fimbo aibane kwapani. Haikupita muda fimbo ikapinda, Fundi akapiga yowe, kisha mshipi ukalegea. Wakauvuta. Risasi ilikuwepo, ndoana haipo.

Shemeji akaikagua ncha ya mshipi. "Nani kakata mkia wa fundo?"

"Mimi, ulipomaliza kulifunga. Uzi hauachwi ukining'inia, unakatwa palepale kwenye fundo. Kuuacha ni kazi chafu."

"Mama wee! Hii si suruali, shemeji! Mshipi unateleza, fundo likivutwa linameza kile kimkia. Acha kipande kama punje ya mchele. Na ulilowanishe kwa mate kabla hujalikaza."

"Miaka thelathini nagombeza watu kwa nyuzi zinazoning'inia, leo unanifundisha uchafu!"

Wakacheka mpaka machozi. Shemeji akachukua ndoana nyingine afunge yeye, mambo yaende haraka.

"Toa mkono wako," Fundi akasema, na safari hii hakuwa anatania.

Akafunga. Likafumuka. Akafunga tena, likafumuka, akatukana, akaanza upya. La saba akalilowanisha, akalikaza kwa meno, akaacha kimkia. Muda wote huo Shemeji alitazama baharini, mikono kaificha mifukoni.

Samaki aliyekuja baadaye hakuwa mkubwa, shibiri moja na ushee. Fundi alirudi kinyumenyume, akalingoja wimbi limsukume samaki, akamburuta hadi pakavu. Akaketi chini akalia bila kujificha.

"Ahsante, shemeji."

"Ya nini? Umefunga mwenyewe."

"Ya kutonisaidia. Najua mikono ilivyokuwasha. Ahsante sana, Mungu akuweke."

Mchana binti akampika samaki yule. Walipoketi mezani, Fundi akaivuta sahani ya binti yake mbele yake, akaanza kuchambua miiba kwa mkono wa kulia. Ilichukua muda mrefu. Chakula kikapoa, na dirishani jua likahama. Binti hakugusa kitu.

"Haya, kula mwanangu. Nimetoa yote."

Binti akala. Tonge la pili akakuta mwiba. Akautoa taratibu mama akiwa ameinama, akauficha kiganjani, akaendelea kula.