Maharagwe Yaliyoiva Ndani ya Pumba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipotaka kuyalazimisha maji yachemke kupita kuchemka. Usinicheke bado, ukifika mwisho utacheka vizuri zaidi.

Ilikuwa siku ya posa ya dada yangu Zaina, kwetu Kabambare. Wakwe walikuwa njiani kutoka Kasongo kwa pikipiki, na barabara ile unaijua: anayesema atafika adhuhuri hufika Mungu akipenda. Mimi, msichana wa sekondari mwenye maneno mengi, niliomba mwenyewe nikabidhiwe jiko. Maharagwe yalilowekwa tangu jana, mchele umepepetwa, kuni kavu zimepangwa ndani. Wageni wa posa wakikuta chakula kibichi, hurudi kwao na jina la nyumba yenu mdomoni, na aibu hiyo angeibeba Zaina.

Sufuria kubwa ilipoanza kutokota nilifurahi, nikaongeza kuni. Ikatokota kwa kelele, nikaongeza tena. Niliamini moto ukizidi, maji nayo yatazidi kuwa moto, na maharagwe yataiva upesi. Wanasema bandu bandu huisha gogo, lakini mimi sikuwa nabandua, nilikuwa nasomba. Kisha mvua ikanyesha, hata kuni za majirani zikalowa. Kuangalia pembeni, nimebakiwa na kijitita kimoja, na maharagwe bado magumu. Nililia, sikufichi.

Ndipo akaingia shangazi yangu Mwajuma, dada wa baba, mama wa maneno machache.

"Mutoto, unapika maharagi ao unapika mvuke?"

"Shangazi, naongeza kuni, maji ipate moto zaidi."

"Maji ikishachemka, imefika mwisho wake. Haipiti pale. Ile kuni yote umepea hewa."

Hakunipiga wala hakunitukana. Aliweka kile kijitita kando kwa ajili ya wali, akanituma na gunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga nikalete pumba. Tukazimwaga ndani ya kitunga kikubwa, tukaitia katikati ile sufuria, ingali inatokota na kifuniko chake, tukaivika blanketi, tukaifukia kwa pumba hadi juu. Zaina alichungulia mlangoni na mapambo yake. "Mumezika chakula yangu?" aliuliza, na shangazi akacheka mpaka akakaa chini.

Wageni walifika alasiri, matope hadi magotini. Wali ulikuwa tayari. Shangazi alifukua sufuria, na mvuke ukatoka kana kwamba imeepuliwa sasa hivi. Akabinya punje moja ya haragwe kwa vidole viwili, ikapondeka. Furaha niliyoipata pale sijaipata tena kwa chakula chochote.

Mjomba wa bwana harusi alimaliza sahani, akaomba nyingine, kisha akauliza nani amepika. Mimi nikainamisha kichwa.

"Ni huyu mutoto wetu," shangazi akajibu mbele ya wote. "Moto kidogo, akili mingi."

Miaka ilipita, nikawa mwalimu wa kemia Kasongo, nikajua maneno ya kitabu kwa yale aliyoyajua shangazi kwa mikono. Joto halipotei, linahama, kutoka kwenye moto kwenda kwenye baridi. Maji yakichemka, kuni zaidi huyageuza mvuke tu. Pumba hulizuia joto lisihame upesi. Na maji yana tabia nzito: huchelewa kupata moto kuliko mafuta ya mawese, na huchelewa pia kupoa. Wanafunzi wangu waliandika hesabu zake daftarini, lakini kila mwaka niliwaletea kitunga cha pumba darasani, nao wakala maharagwe.

Sasa sikiliza, mwanangu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Ukipata elimu, kazi au mchumba, usikimbilie kuongeza kelele, tunza joto ulilo nalo. Na mdogo wako akikosea, mkaripie jikoni, umsifu barazani. Mimi nilikaripiwa watu wawili tu wakijua, nikasifiwa ukoo mzima ukisikia, na tangu siku ile sikumkosea shangazi tena.

Mungu akupe moto wa kukutosha, na watu wa kukufunika usipoe.