Pindo la Vidole Vinne

Wewe unayewapigia mashujaa makofi, umewahi kuuliza walikuwa na umri gani?

Fundi aliuliza. Alishona nguo barazani kwa dada yake, mtu wa maneno machache kwa sababu kutwa mdomo wake ulijaa pini. Kila suruali ya mtoto aliikunjia ndani pindo la vidole vinne. Mtoto akirefuka, pindo linafumuliwa, mama hanunui nyingine. Ya mtu mzima aliikata kwa kipimo, basi. Ndivyo alivyomvisha mpwa wake, Njiti, tangu anatambaa hadi vita vilipomchukua, vikarudisha picha tu.

Jioni moja mwenyekiti wa mtaa alikuja kuchukua pazia la kufunikia ubao wa picha za waliokufa vitani, uzinduliwe kesho yake. Akawasomea kwa fahari maneno yatakayokaa chini ya Njiti: "Mtu mzima aliyejitolea kwa hiari yake."

Fundi alitema pini. "Mtu mzima yupi? Alikuwa na miaka kumi na mitano."

"Fundi, wewe shona. Ya jeshi waachie wenye jeshi."

"Nimemshonea maisha yake yote, nisijue urefu wake?" Akatoa sandukuni suruali ya mwisho ya kijana. Pindo lilikuwa halijaguswa. "Haya, mwenyekiti, yako ina pindo kama hili? Au na wewe bado unakua?"

Dada yake alicheka, kisha akamvuta shati. "Kaka, watakunyang'anya cherehani."

"Na wachukue. Mwanetu hazikwi mara ya pili kwa uongo."

"Ukiileta pale naitupa jalalani," mwenyekiti alisema, akaondoka na pazia lake.

Jua halijazama, Fundi alikuwa ameshaibana suruali kwenye uzio wa ofisi ya mtaa, kando ya ubao, pindo nje, kila apitaye alione. Jirani yake, mama muuza mkaa, ambaye mwanawe naye alikuwa ubaoni, alimkemea: "Unatuchokonolea vidonda, Fundi!"

Asubuhi iliyofuata alitoka mapema, suruali nyingine ya Njiti kwapani, akijua ya kwanza imeshatupwa. Haikutupwa; ilikuwa bado uzioni. Mbele yake alisimama muuza mkaa, mikono imesuguliwa ikatoka masizi mpaka viwikoni, ameshika kaptura ya shule yenye pindo pana. Fundi aliutambua mshono wake mwenyewe.

"Fundi," mama yule alisema bila kugeuka, "pini unazo?"