Mama Mdogo Alikataa Kuonja Rubisi

Mimi ndiye niliyemwita mama yangu mdogo, mke wa pili wa baba, muuaji mbele ya msiba mzima, na hakuua mtu. Sitafuti huruma yenu. Nina hasira, na kwanza najikasirikia mwenyewe.

Ilikuwa Kaisho, kijijini kwetu, miaka michache baada ya vita. Nilikuwa nimemaliza sekondari, sina kazi, nasoma riwaya za wapelelezi mpaka kurasa zinachanika. Nikajiona na mimi mpelelezi.

Kwetu anayekaribisha rubisi, pombe yetu ya ndizi, huonja kwanza, mnywaji ajue haina sumu. Jioni moja baba alimpa mama mdogo kibuyu aonje, ndipo amkaribishe. Akakisukuma.

"Sionji, na wewe usinywe."

Baba akacheka, akanywa. Kulipokucha alikuwa maiti, ametapika damu.

Msibani nikasimama, nikamhoji kama wale wa vitabuni. Kwa nini hukuonja? Alilia, akasema marehemu alimwapisha asiseme. Nikawageukia watu: "Mmesikia? Ana siri. Ndiye aliyemuua."

Mpumbavu mimi! Walimfukuza na mtoto mgongoni, nguo zake zikatupwa migombani. Baba mdogo, ndugu wa baba, alikaa palepale kimya. Kibanja cha mjane, shamba lake la migomba, akakichukua yeye.

Miaka ikapita ndipo akaniambia, tena akinywa kwenye kibanja hichohicho.

"Baba yako alikuwa na ugonjwa wa ini. Hospitali walimkataza pombe. Mimi ndiye niliyempeleka."

"Mbona hukusema, baba mdogo?"

"Ningekukatizaje? Ulikuwa unaongea vizuri kama kitabu."

Nilitamani kumzaba kofi. Lakini nani alimpa kile kibanja? Mimi!

Nilimfuata mama mdogo kwao Nyakakika. Nikakuta kaburi. Binti yake, mdogo wangu kwa baba, alikuwa anapalilia maharage. Hakuniamkia. Nilimweleza yote, jembe halikusimama. Mwisho akauliza, "Hayo umewaambia waliomfukuza, au umeniletea mimi tu?"

Nilirudi Kaisho nikaita watu. Siku niliyomzushia, ua ulijaa hadi barabarani. Siku ya kumsafisha jina walikuja wazee wachache, mmoja akasinzia. Baba mdogo hakuja. Alikuwa anakata ndizi kwenye kibanja cha yule mama.

Wewe unayejiona una akili za kutafuta mchawi msibani, kaa chini. Kamuulize kwanza daktari aliyemtibu marehemu. Na ukimwona mtu amenyamaza huku wewe unamshtaki mwingine, mtazame vizuri yeye.