Yuko Kiwila, Njoo Umuone

Niliporudi Tukuyu kutoka Botswana nilikuja na stashahada ya ufundi umeme, akiba niliyoitolea jasho mwenyewe, na kompyuta kadhaa nilizozifunga katikati ya magodoro zisivunjike njiani. Sikurithi duka, wala hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilipanga chumba Bagamoyo, kata ya hapa hapa mjini, nikavuta waya mwenyewe, nikaunganisha laini ya simu, na baada ya muda mfupi nikawa mtu wa kwanza mtaani kwetu kuandika mlangoni neno INTANETI. Nililiandika kwa rangi nyekundu, na mpaka leo sijaona bango lenye herufi zilizonyooka kuliko lile.

Wateja walikuja kuandikia ndugu zao wa Dar na kutafuta matokeo ya mitihani. Mvua ikinyesha, na Tukuyu mvua ndiyo mwenyeji, hawakuja. Nami nilibaki na mashine zangu nikisoma matangazo ya watu wanaouza vitu.

Sijui kama vijana wa leo wanaweza kuelewa jinsi matangazo hayo yalivyonivutia. Nilikulia enzi za foleni. Sabuni ilipangwa mstari, bati lilitafutiwa kibali, na mtu mwenye baiskeli mbili alionekana ana jambo la kueleza. Nani angetangaza kitu, na kitu chenyewe hakipo? Kisha biashara ikafunguliwa, nami nilikuwa ughaibuni, na niliporudi nikakuta nchi nzima inauza. Pikipiki, viwanja, majenereta, magauni ya harusi yaliyovaliwa mara moja. Wengine walinadi kwa dau: unaandika bei yako chini ya tangazo, mwingine anapanda juu yako. Nilisoma kama wenzangu walivyosoma habari za mpira, na kwa kuwa Mungu alinijalia jicho, nikaanza kuona mambo. Mtu mwenye pikipiki kweli huandika kuwa taa ya nyuma haiwaki. Asiye na pikipiki huandika kuwa yeye ni mcha Mungu na kwamba chombo ni kama kipya. Niliwaona pia wapandaji dau waliokuwa mtu mmoja mwenye majina matatu, kwa sababu wote watatu waliacha nafasi kabla ya alama ya mshangao. Nilicheka peke yangu chumbani.

Siku moja ya masika dada yangu mkubwa akaingia, mwavuli umepinduka, maji yanamtiririka mabegani. Alitoka Mpuguso, kwake. Alikuwa mjane, na ng'ombe wake wa maziwa alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa ndigana muda si mrefu.

"Mbotswana," akasema, maana hilo ndilo jina alilonipa tangu nirudi, "washa hiyo telebisheni yako. Nimepata ng'ombe."

"Si televisheni, dada."

"Nimesema washa. Mwalimu jilani yangu amemuona Mbeya kwenye kompyuta. Mtamba, ana mimba ya miezi saba, na bei lahisi kabisa."

Hapa niseme jambo moja kwa wasiotoka kwetu. Katika lugha yetu ya nyumbani hakuna herufi ya ere. Sisi tuliosoma mbali tuliifunga ulimini kwa mazoezi, lakini dada yangu hakuwahi kuona sababu ya kujisumbua. Kwake jirani ni jilani na haraka ni halaka.

Nikamuuliza atamlipia kwa kitu gani huyo ng'ombe. Akakaa, akakunja kanga yake iliyolowa, akasema amekwisha kuongea na jirani mwingine, yule mwenye shamba linalopakana na lake. Atamuuzia chai yake ya upande wa juu. Nusu ya shamba la chai tu, ile ya chini inabaki. Jirani anataka jibu Jumamosi.

Ile chai alipanda na marehemu shemeji yangu, na tangu ng'ombe afe ndiyo iliyokuwa inamlisha. Ardhi ikiuzwa kwetu hairudi. Kwa hiyo ng'ombe akiwa yupo, dada yangu atakuwa amebadilisha nusu ya chai kwa maziwa, jambo la akili. Na ng'ombe akiwa hayupo, atakuwa amegawa nusu ya shamba bure.

Tukafungua. Siku hizo picha ilishuka taratibu kutoka juu, mstari kwa mstari, kama mtu anayevuta pazia. Ikaja mbingu kwanza. Buluu, bila wingu hata moja. Nikatazama dirishani kwangu, nikaona ukungu umekaa juu ya paa la msikiti, nikasema moyoni: hii bado si neno, inawezekana alipiga picha kiangazi. Zikashuka pembe. Yakashuka masikio. Dada yangu akaanza kupumua kwa sauti.

"Mtazame macho yake! Huyu ana maziwa, huyu."

Kisha nyuma ya ng'ombe ukashuka uzio. Ulikuwa wa matawi ya miiba, yale marefu meupe, yamelundikwa juu ya vumbi jekundu. Tangazo lilisema ng'ombe yuko Kiwira, wilaya ya Rungwe.

"Dada, Kiwira umeona wapi uzio wa miiba?"

"Labda ameazima."

"Miiba?"

"We soma, usinihoji kama mahakamani."

Nikampigia muuzaji kwenye simu ya mkononi, sauti nikaitoa nje dada asikie. Nilimsikia mtu mchangamfu, wa kupendeza hasa, na nakiri nilipenda kumsikiliza. Alitueleza kuwa ng'ombe yupo, ila watu wanamgombania, na kwamba yeye mwenyewe ana roho ya huruma kwa wajane. Hatukuwa tumemwambia kama kuna mjane.

"Basi kesho tunakuja kumuona," nikasema. "Sisi tuko jirani tu."

"Aa, kesho kaka nasafiri. Fanya hivi: nitumie vocha za simu za kununulia mafuta ya lori langu la Kenta, wewe kwangua tu unisomee namba. Ng'ombe anafika mlangoni, pesa zinazobaki unamalizia ukishamshika kamba."

Wakati huo pesa haikutumwa kwa simu kama sasa. Matapeli waliishi kwa vocha. Lakini sikukata simu, kwa sababu nilitaka sana kujua ataufikisha wapi uongo wake. Nikamuuliza anamlisha nini.

"Anachungwa tu, kaka. Asubuhi anakwenda porini, jioni anarudi."

"Pori gani?"

"Hili hili la Kiwira."

Dada yangu, ambaye mpaka hapo alikuwa upande wake, akageuza kichwa polepole. Rungwe ng'ombe wa maziwa hatoki bandani. Tunamkatia majani, tunampasulia migomba, na ukimfungulia ataingia kwenye viazi vya mtu kabla hujafunga mlango. Pori la kuchungia pale Kiwira sijui angelipata wapi, labda chini ya barabara.

"Mwambie atuletee na hilo poli," akasema dada. Nikakata simu.

Kwa udadisi tu nikarudi nyuma kwenye ukurasa ule kutazama matangazo ya miezi iliyopita. Yule yule ng'ombe alikuwa ameuzwa Arusha kabla ya Krismasi, na Njombe baada yake, kwenye miiba ile ile, na kote alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilimwonyesha dada. Akasema, "Masikini, huyo atazaa lini?"

Tungeishia hapo kama si mimi kuendelea kuteremsha ukurasa. Chini kabisa palikuwa na tangazo lisilo na picha, lisilo na dau hata moja, limeandikwa kwa herufi kubwa tupu:

NAUSA NGOMBE MTAMBA ANA MIMBA. YUKO KIWILA JUU YA SOKO KWA NYUMA. ANALUSHA TEKE KWA MTU HAMJUI. NJOO UMUONE. SILETI.

Bei iliyofuata ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya kwanza.

Dada yangu akasoma kwa kidole, akaangua kicheko mpaka akashika kiti. "Huyu ndiye mwizi mwenyewe! Yule wa kwanza angalau amesoma. Huyu hata kuandika Kiwila hajui!"

"Umesemaje, dada?"

"Nimesema hajui kuandika Kiwila."

"Inaandikwaje?"

"Kama inavyotamkwa! Ki-wi-la!"

Nilimtazama, akanitazama. Nikamwonyesha neno kwenye tangazo. Akalisoma tena kimya, midomo ikicheza, halafu akaniuliza sasa kosa liko wapi. Nikampeleka kwenye tangazo la kwanza, nikamwonyesha ere imekaa katikati imenyooka, jinsi inavyoandikwa kwenye ramani. Yule wa kwanza alikuwa ameinakili mahali. Huyu wa pili alikuwa ameandika alichokisikia tangu tumboni mwa mama yake. Ukitaka kumwiga mtu wa kwetu utajifunza salamu zake, utajua majina ya milima yake, lakini hutafikiria kukosea jina la kijiji chake. Nilikuwa nimesoma mamia ya matangazo, na hilo nililigundua mimi, kwenye kiti changu mwenyewe, bila mwalimu.

"Kwa hiyo akikosea ndiyo mkweli?" dada akauliza.

"Si hivyo. Akikosea kama wewe ndiyo anatoka Kiwira. Ukweli tutauona bandani. Si amesema njoo?"

Siku ya pili yake tukapanda gari asubuhi. Juu ya soko, kwa nyuma, tukamkuta mwanamume wa makamo aliyevaa buti za mvua, amepunguzwa kazini mwaka uliotangulia, na banda lake lina sakafu ya mbao iliyosuguliwa. Dada yangu akapiga goti kidogo kama ilivyo desturi, wakasalimiana kwa Kinyakyusa kirefu, habari za huku na za kule. Mtu yule alikuwa amekwenda Mbeya kwa shughuli zake na akaandika tangazo lile mwenyewe, kwa kidole kimoja.

"Wewe ndiye wa kwanza kuja," akaniambia. "Wengine wanapiga simu, wanasema lete picha. Picha inakamuliwa?"

"Kwa nini hukumpeleka mnadani?"

"Mnadani wapo wachinjaji. Huyu ana mtoto tumboni."

Nikaingia bandani kumkagua. Sina haya kusema kuwa nilivaa suruali nzuri ya Gaborone siku ile. Ng'ombe akaangalia upande mwingine, kisha akanitupia teke la paja lililonibandika ukutani.

"Tangazo ni la kweli!" dada akapiga kelele kwa furaha. "Kila neno!"

Yeye aliingia kwa upande wa kichwa, akimwita kwa sauti ya chini, akasimama naye muda mrefu, kiganja kimekaa ubavuni. Alipotoka, kicheko kilikuwa kimeisha. Akamuomba yule bwana apunguze. Akapunguza kidogo, akasema zaidi ya hapo hawezi, na ukimtazama usoni ulijua hawezi.

Tukasimama nje chini ya upenu.

"Wa kwenye picha alikuwa nusu ya chai," akaniambia. "Huyu ni chai yote. Ya juu na ya chini."

"Wa kwenye picha hakuwepo, dada."

"Najua hakuwepo." Akafuta mikono kwenye kanga. "Lakini jana asubuhi nilikuwa na ng'ombe na nusu ya chai. Leo umenifanya mwelevu, nina kimoja."

Nilikuwa na maneno mengi, mtu wa stashahada hakosi maneno. Nilimwambia anaweza kungoja. Akaniuliza angoje nini, ndama aanguke kutoka mbinguni? Chai inalipa kidogo na kwa kuchelewa, maziwa yanalipa kila wiki, na mgongo wake hauinami tena kama zamani. Alikuwa ameshapiga hesabu hizo peke yake, kule bandani, mkono ukiwa juu ya ndama. Kisha akarudi ndani akamwambia mwenye ng'ombe tunamchukua, alete Jumamosi, na kama alisema haleti basi safari hii ataleta.

"Nitaleta," akasema yule bwana. "Kwako nitaleta."

Jumamosi nilikwenda Mpuguso mapema kushuhudia makabidhiano. Jirani mnunuzi, ambaye sasa alikuwa amekubali kuchukua shamba lote, alikuwa amekwisha kufika na mashahidi wake, amesimama kwenye mpaka na koti la mvua, ana hamu ya kupima. Dada hakuwa nyumbani. Alikuwa katikati ya chai, kikapu mgongoni, anachuma. Alikuwa ameanza tangu kulipopambazuka na alikuwa amemaliza ya juu yote.

"Dada," jirani akaita, "si tulisema asubuhi?"

"Tulisema siku ng'ombe anapofika. Umemuona?"

"Bado."

"Basi bado yangu."

Jirani akanitazama mimi kama msomi wa ukoo, nisaidie. Nikainua mabega. Vidole vya dada vilikwenda upesi, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na hakuruka kichaka hata kimoja. Tulisikia Kenta ikipiga honi kule barabarani, ng'ombe akajibu kwa sauti yake mwenyewe, na mashahidi wakaanza kushuka kwenda kumtazama. Nikamwambia dada ng'ombe wake amefika.

"Mwambie anisubili," akasema, bila kuinua kichwa. "Nimebakiza mstali huu."